Kisikizio cha Mjomba Nyange

Gando, Pemba
14 Januari 1960

Kwa mwanangu Mwanawema binti Ame, Kibokoni, Mombasa.

Salamu zikufikie wewe na mumeo Pandu, na kila aliye chini ya dari yenu. Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako Bimkubwa lile jino lililomsumbua tangu Maulidi limeng'oka lenyewe akitafuna muwa, na sasa anautafuna muwa kwa upande wa pili kana kwamba hakujifunza kitu. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Kaburi la marehemu mama yako nimelipalilia juzi, usiwe na wasiwasi.

Nimekuandikia kwa haja. Ile redio ya mkononi mliyoniletea mwaka jana ni nzuri sana, na kile kisehemu alichokitia Pandu ndani yake, ili mapigo ya Morsi, zile herufi za nukta na vistari, yalie kama filimbi badala ya kuvuma kama pumzi, ndicho kilichoniponya. Naichukua shamba kila siku. Naiweka juu ya kisiki, natundika waya kwenye mkarafuu, nawasikiliza wale wapenzi wa simu ya upepo, watu wa nchi mbalimbali wanaozungumza hewani kwa raha zao tu, pasi na kulipwa na serikali yoyote.

Taabu ni kusikia. Spika ya redio inashindana na upepo, na mbuzi, na Bimkubwa. Kile kisikizio kilichokuja nayo, kidude cha kutia sikioni, ni kigumu kama kokwa ya tende. Robo saa tu sikio linawaka moto, na sauti inayotoka humo ni ya mgonjwa. Nitafutie kingine. Kiwe laini, nikivae saa nzima kisiniume, na kiwe chepesi cha kunasa, hata pigo la mbali kabisa kilikamate.

Usiniulize ni pigo la nani.

Mimi mjomba wako,
Nyange bin Mjaka


Kibokoni, Mombasa
2 Februari 1960

Kwa Mjomba Nyange, mlezi wangu.

Nashika miguu yako, Mjomba, na ya Bi Bimkubwa, na pole yake ya jino. Hapa sote wazima. Karakana ina kazi tele, redio zinaletwa zikiwa mahututi na zinaondoka zikiimba. Pandu anakusalimu sana.

Pandu anasema kisikizio kigumu si kosa la sikio lako, ni kosa la waliokitengeneza, maana walidhani masikio yote ya wanaadamu yana tundu moja la duara. Amekutafutia hedfoni za kijeshi, zile za vikombe viwili na utepe wa chuma juu ya kichwa. Zilitoka kwenye meli iliyovunjwa. Nyuzi za ndani ni nyembamba kuliko unywele, zimezungushwa maelfu kwa maelfu, kwa hiyo hata mkondo mdogo wa umeme huzitingisha. Kwa kunasa, anasema, hazina mpinzani. Zimefungwa ndani ya kanga mpya, na kanga hiyo ni ya Bi Bimkubwa, si ya kufutia redio. Mmanga, yule mpishi wa melini, atakuletea hadi Wete.

Sikuulizi pigo la nani. Lakini tafadhali Mjomba, nilipokuwa mdogo ulinifundisha Morsi kwa kijiko na kikombe cha bati mpaka Bi Bimkubwa akakificha kijiko. Basi mimi si mtu wa kufichwa.

Mwanao,
Mwanawema


Gando
26 Februari 1960

Mwanangu Mwanawema,

Marahaba, na Ramadhani iliyo mlangoni ikukuteni na afya. Kanga imefika na imeshavaliwa. Bimkubwa anasema Mungu akuzidishie. Mimi nimepata hedfoni.

Nilizivaa Ijumaa baada ya alasiri. Ule utepe wa chuma umenibana kichwa kama vile nadaiwa siri. Vile vikombe vikapata joto la jua, jasho likanitiririka shingoni, na ng'ombe wa jirani akaniangalia kwa huruma. Kwa nusu saa nilisikia vyema kidogo, kisha nikazivua kwa maumivu. Wakati wa vita, nilipokuwa Burma, nilizivaa kama hizi usiku na mchana na sikuona taabu. Lakini siku hizo nilikuwa na miaka ishirini na minane na kichwa kilikuwa cha serikali.

Haya, umesema hufichwi. Huko Burma, kwenye kikosi cha signali, watu wa mawasiliano, nilikaa benchi moja na mtu wa Kalikuti, Bara Hindi, jina lake Koya. Yeye hakujua Kiswahili, mimi sikujua lugha yake. Tukizungumza Kiingereza cha kuvunjika na Morsi iliyonyooka. Tukisali pamoja, tukila pamoja, na akinicheka mno kwa kulala na viatu. Masika ya mwaka 1944 homa ikampanda, wakamchukua kwa machela wakaniambia anakwenda hospitali ya nyuma. Sikumwona tena. Niliuliza kila niliyeweza kumuuliza. Hakuna aliyejua kama aliishi.

Sasa sikiliza. Kila mpiga Morsi ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwendo wake. Koya alikuwa akifika herufi Y, kile kistari cha mwisho hukivuta, kama mtu anayeburuta mguu mlangoni. Tangu Oktoba, kila Ijumaa alasiri, namsikia mtu kutoka upande wa Bara Hindi anayekivuta kistari kile kile. Jina lake hulitaja mwisho wa mazungumzo, na kila akifika hapo sauti inazama. Nimenasa herufi mbili tu, na sina hakika nazo. Tena kila mwezi anazidi kufifia. Nahofia betri zake zinakwisha, au yeye mwenyewe.

Ndiyo sababu nataka kisikizio.

Mjomba wako,
Nyange


Kibokoni, Mombasa
3 Aprili 1960

Kwa Mjomba wangu mpenzi,

Idi imepita salama, namshukuru Mungu. Nilipika vileja, nusu vikaungua. Watoto wa mtaa walikula nusu iliyoungua pia. Pandu anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa natafuta kitu ambacho hakipatikani kwa haraka. Nakuletea kisikizio cha chumvi. Usicheke, ndivyo kilivyo. Ndani yake mna kijipande cheupe kinachofanana na sukari ya mawe, na kijipande hicho kikiguswa na umeme hutikisika. Chepesi kama ua la mkarafuu, hukihisi sikioni. Sauti yake ni nyembamba lakini kwa Morsi hiyo ndiyo inayotakiwa. Ila kinaogopa unyevu. Kiweke katika kopo pamoja na mchele mkavu kila ukimaliza.

Jengine, na hili nimefikiri kama nikwambie. Ijumaa mbili zilizopita, saa ile uliyoitaja, huyo mtu wako alitafutwa kwenye redio ya karakana. Amepatikana. Kistari cha Y anakivuta kama ulivyosema. Hapa Mombasa anasikika vyema, Mjomba. Hata hakuhitaji kisikizio, alisikika kwa spika, na watu wanapita nje na mikokoteni.

Na jina limesikika. Niliandike?

Mwanao,
Mwanawema


Gando
20 Aprili 1960

Mwanawema,

Salamu. Mvua ya masika imeanza na njia ya Wete ni tope tupu.

Usiliandike jina. Nimeishi miaka kumi na sita bila ya kujua, na nitalijua kwa sikio langu mwenyewe, si kwa bahasha.

Na hayo ya kusikika kwa spika, Mombasa ni mji mkubwa, una upepo wake na nyaya zake. Gando ni Gando. Haina maana kwamba kuna kilichoharibika huku.

Kisikizio cha chumvi kilikuwa kizuri kwa Ijumaa mbili. Hakikuniuma hata kidogo. Kisha mvua ikaja, na mchele ule wa kwenye kopo Bimkubwa akaupika, na chumvi ikarudi kuwa chumvi. Sasa hakisemi kitu.

Nyange


Kibokoni, Mombasa
9 Mei 1960

Kwa Mjomba,

Nashika miguu yako mara mbili, maana barua yako ilikuwa fupi na mtu mzima akiandika barua fupi amechukia. Nisamehe. Bi Bimkubwa mpe pole kwa kula mchele uliolala na kidude cha redio. Hapa nyumba ni kimya kidogo siku hizi, lakini heri. Pandu anakusalimu.

Jina sitaliandika. Tuzungumze masikio.

Hapa yuko daktari anayewapa wazee vifaa vya kusaidia kusikia, na vile vifaa vina visikizio vidogo vya sumaku, havina chumvi, havijali masika. Kimoja kimeletwa karakana kutengenezwa, nikakijaribu, kinanasa kuliko chochote nilichopata kukishika. Siri yake ni hii: hakitiwi sikioni hivi hivi. Kinakaa juu ya kipande laini kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe. Sauti haivuji, upepo hauingii, na hakuna panapouma kwa sababu hakuna panapobanwa. Nimeona namna ya kukifinyanga kwa mpira laini. Nikipata kielelezo, nitaweza.

Basi fanya hivi, tafadhali. Chukua nta ya nyuki, ipashe kwenye maji ya vuguvugu mpaka ilainike kama ugali. Bi Bimkubwa aitie sikioni mwako taratibu, asiisukume sana, ikae mpaka ipoe, kisha aitoe. Uniletee zote mbili, ya kulia na ya kushoto, kila moja na karatasi yake.

Sikio la kushoto nalihitaji pia, usiliache. Pandu anasema kielelezo kimoja hakitoshi.

Mwanao mwenye kukupenda,
Mwanawema


Gando
30 Mei 1960

Mwanangu Mwanawema,

Sikuchukia. Mvua tu.

Nta hizi hapa. Mkaza mjomba wako alinilaza ubavu kwenye mkeka kama kondoo wa Idi Kubwa, akanitia nta, akaniambia nisiseme. Kisha kwa kuwa siwezi kusema akapata nafasi ya kunieleza mambo yote ya mwaka mzima. Nimeambiwa juu ya paa linalovuja, juu ya dada yangu wa Kojani ambaye sijamzuru, na juu ya miguu yangu ninayoingia nayo ndani na tope. Ilipopoa nta ya pili alikuwa bado hajafika mwezi wa Rajabu.

Halafu akafanya la kunikera. Ijumaa nilikuwa nimekaa na kile kisikizio kigumu cha mwanzo, nimekitia sikio la kulia kama kawaida yangu, maana la kulia ndilo ninalosikilizia tangu Burma. Sisikii kitu ila mvumo. Nikakivua. Bimkubwa akakiokota, akakitia sikioni mwake, kwa mzaha tu. Kisha akasema, "Mbona kuna kifaranga kimepotewa na mamake humu? Kinalia tii, titi, tii."

Nikamwambia, "Hakuna kitu."

Akasema, "Basi mimi nimekuwa chizi."

Ni mtu wa mzaha sana, mkaza mjomba wako.

Kuku wazima. Mnazi wa nyuma umeanguka, haukumdhuru mtu.

Nyange


Kibokoni, Mombasa
16 Juni 1960

Kwa Mjomba Nyange, aliyenilea nilipobaki sina mama.

Salamu na mkono wa Idi. Leo salamu zitakuwa fupi, maana nina mambo mawili na nikichelewa kuyaandika nitayaogopa.

La kwanza. Nimeweka nta zako juu ya meza, bega kwa bega. Ile ya kushoto ni ndefu, imeingia ndani ya tundu la sikio kama inavyotakiwa, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ile ya kulia ni fupi, haifiki nusu ya mwenziwe, na ncha yake imebonyea kama kitu kilichogonga ukuta. Mjomba, masikio ya mtu hayapishani hivyo. Ndani ya sikio lako la kulia kuna kitu kimeziba. Bi Bimkubwa si chizi, kifaranga kile alikisikia. Na mtu wako wa Ijumaa hafifii.

Sikukwambia mapema kwa sababu sikuwa na ushahidi, nami sikutaka kukwambia neno juu ya mwili wako kwa dhana. Nakuomba uende hospitali ya Wete. Usitie kijiti, usitie unyoya wa kuku, usimpe mtu wa dawa akumiminie kitu. Nenda hospitali.

La pili. Kwa kuwa nimekuvua, na mimi nijivue. Pandu hayupo. Tangu Disemba ameajiriwa katika meli ya mafuta iendayo Ghuba, fundi wa redio, mkataba wa miezi kumi. Hatukugombana, ananiandikia kila bandari. Aliniuliza nirudi Pemba nikae kwako au nibaki, nikasema nitabaki, karakana isife. Mimi ndiye ninayezilehemu hizi redio, Mjomba. Wateja wa mwanzo walikuwa wakiuliza fundi yuko wapi, sasa hawaulizi. Kila nilipokuandikia Pandu anasema hivi, anayesema ni mimi. Niliogopa utaniita nyumbani. Kama utaniita nitakuja, lakini ningependa usiniite.

Kisikizio kimo ndani ya kijaluba. Nimekifinyangia sikio la kushoto.

Mwanawema


Gando
12 Julai 1960

Kwa mwanangu Mwanawema, fundi wa redio, Kibokoni.

Marahaba. Bimkubwa anakusalimu na anataka uandike kwa herufi kubwa kwamba yeye si chizi, nimsomee kila wiki.

Nilikaa na barua yako siku nne. Siku ya kwanza nilikasirika, ya pili nikatafuta mtu wa kumkasirikia nisimpate, ya tatu Bimkubwa akanifulia kanzu pasi na kuulizwa, ya nne nikapanda basi la Wete. Daktari akanitazama na taa, akasema, "Mzee, humu umefunga duka." Akanitia mafuta, akanirudisha baada ya siku tatu, akapiga maji kwa bomba. Kilichotoka sitakieleza kwa maandishi. Kilikuwa nta ngumu kama jiwe, na ndani yake pamba. Hiyo pamba niliitia mwenyewe nadhani, kuzuia vumbi la karafuu, sijui karafuu za mwaka gani.

Nilipotoka nje nilisikia ndala zangu mwenyewe.

Lakini daktari amenambia kweli yote, nami nakwambia. Sikio la kulia limefunguka ila halitakuwa kama zamani. Mizinga ya Burma ilichukua fungu lake. La kushoto ni zima kabisa. Miaka yote nimelipa kazi lile bovu na lile zima nimelilaza.

Kisikizio chako. Mwanangu, nimekitia nikasahau kwamba nimekitia. Nilipanda nacho hadi shamba, nikainama, nikakata nyasi, hakikutoka. Laini kama kidole cha mtoto. Upepo umenyamaza. Ijumaa tarehe nane, baada ya alasiri, nikatundika waya, na akaja, karibu kana kwamba yuko nyuma ya mkarafuu wa pili. Akasema mvua inanyesha kwao. Amenunua mnara mpya wa waya. Kila Y akaiburuta. Nikaandika kila neno, na akafika kwenye jina. Halikuzama.

Moidu.

Akalirudia mara mbili, kama wafanyavyo. M, O, I, D, U. Hata Y haimo.

Nikakunja waya, nikarudi nyumbani. Bimkubwa akaniuliza, "Umesikia leo?" Nikamwambia, "Nimesikia vizuri sana." Akanitazama, akanimiminia chai.

Basi ndivyo. Haidhuru. Namshukuru Mungu kwa sikio.

Na juu ya Pandu. Nilijua tangu Februari. Pandu katika maisha yake hajapata kumlaumu mtengenezaji wa kitu, humlaumu mwenye kukitumia. Na hedfoni zilifungwa kwa fundo lako, lile la kushoto. Nilingoja useme mwenyewe. Sikuiti nyumbani. Nani atanitengenezea redio nikikuita? Ila mlango wako ufunge mapema, na akirudi huyo Pandu mwambie nina maneno naye, si makali.

Mjomba wako,
Nyange


Kibokoni, Mombasa
1 Agosti 1960

Mjomba wangu,

Nimelia na kucheka katika barua moja. Mwambie Bi Bimkubwa: YEYE SI CHIZI.

Jina nililijua tangu Machi. Nililisikia siku ile ile na nikakaa na chuma cha kulehemu mkononi mpaka kikapoa. Uliponikataza nisiliandike nilishukuru, Mungu anisamehe. Sikuweza kuwa mimi wa kukuondolea Koya.

Lakini tangu wakati huo nimekuwa nikifikiri jambo, na sasa naweza kulisema. Mkono wa Morsi mtu hazaliwi nao. Mimi herufi ya Q naikata mwishoni. Juzi afisa wa redio wa meli moja alikuja karakana, nikampigia mapigo machache kujaribu mtambo wake, akaniuliza, "Bibi, nani alikufundisha Q ya jeshi?" Sikuwahi kujua kwamba ni ya jeshi. Ni ya kwako. Mimi sijakwenda vitani, Mjomba, lakini mkono wangu umekwenda.

Huyo Moidu kile kistari cha Y amekitoa wapi? Muulize.

Afisa yule ana kitabu chenye anwani za wapenzi wote wa simu ya upepo duniani, kwa herufi zao za kujitambulisha. Nimeinakili anwani ya Moidu kwenye karatasi hii. Ni mji wa Kalikuti. Unaogopa, najua. Mwandikie hivyo hivyo na woga wako.

Pandu ameleta simu ya maandishi kutoka bandari ya Abadani, huko Ghuba. Salamu zako zimemfika, na ameniuliza mara tatu hayo maneno ni ya namna gani.

Mwanao,
Mwanawema


Gando
9 Oktoba 1960

Kwa mwanangu Mwanawema, aliyefunguliwa kheri.

Salamu kwako, na kwa Pandu ambaye nahesabu sasa yu njiani kurudi. Karafuu mwaka huu ni nyingi, vidole vya watu wa Gando vyote vinanukia. Bimkubwa anachuma na kugombana na kila mchumaji, yaani ni mzima. Nilimzuru dada yangu Kojani, akanilaumu siku moja nzima, kisha akanipa pweza mkavu wa kuja naye.

Nilimwandikia Moidu. Niliandika mara tano nikachana nne. Nikamwambia mimi ni nani, na nikamuuliza juu ya Y yake. Maulidi yakapita, sikupata kitu, nikajiambia basi. Kisha jibu likaja, barua ya karatasi nyembamba ya buluu. Nakutafsiria penye maana.

Anasema yeye ni mwalimu wa skuli, umri wake thelathini na moja. Morsi alifundishwa na jirani yake, mzee anayeuza kamba za makumbi ya nazi karibu na soko la samaki, askari wa zamani wa signali, ambaye alirudi kutoka Burma amekonda kama ufagio na akapona. Mzee huyo vidole vimekakamaa, hapigi tena, lakini kila Ijumaa huja kukaa barazani kwa Moidu na kumkosoa. Barua yangu iliposomwa, anasema Moidu, mzee aliondoka akaenda zake bila ya kuaga. Akarudi baada ya sala ya magharibi amevaa koti lake la jeshi, akataja siku, akasema siku hiyo atapiga mwenyewe. Siku ilikuwa Ijumaa ya juzi, tarehe saba.

Nilikwenda shamba tangu adhuhuri. Bimkubwa akanifuata na birika, ati anaangalia karafuu. Nikatia kisikizio. Saa ilipofika alikuja Moidu kwanza, akasema tayari.

Kisha ukaja mkono wa polepole, Mwanawema, polepole kama mtoto anayesoma alifu. Herufi nyingine alizikosea akazirudia. Akaandika N, A, N, G, I, kwa sababu alikuwa hawezi kulisema jina langu Burma na bado hawezi kulitahajia. Akaandika, kwa Kiingereza chetu kile cha kuvunjika: NANGI JE BADO UNALALA NA VIATU. Halafu akaandika jina lake, na alipofika Y alikivuta kile kistari mpaka nikadhani hatakiachia.

Mimi sina mtambo wa kupeleka, redio yangu ni ya kusikiliza tu. Hata hivyo nilijibu. Nilisema kwa sauti, pale pale juu ya kisiki, "Nipo, Koya, nipo."

Bimkubwa akasema, "Hakusikii huyo."

Nikamwambia, "Najua."

Akakaa ubavuni mwangu. "Kasemaje?"

"Anauliza kama bado nalala na viatu."

Akanimiminia chai. "Mwandikie kwamba huku huvivai hata mchana."

Nimemwandikia hivyo, na barua yake naitia posta pamoja na hii.

Mjomba wako anayesikia,
Nyange bin Mjaka